Kwa Mayu, Aliyeijua Mikono Yangu

Mayu mpendwa, mama mkwe wangu,

Mwangaluka. Salamu hii ya asubuhi ulitaka niitoe kwa Kisukuma hata siku zile za mwanzo, ulimi wangu wa Kigoma ulipokuwa ukiivunja vipande vipande, nami kwa woga nikaongeza shikamoo juu yake ili nisikosee kote. Ulikuwa unaitikia zote mbili bila kunitazama.

Hii ni siku ya nne naandika barua hii. Siyo kwamba nina maneno ya kujaza daftari. Vidole vinashika kalamu kwa nusu ukurasa, kisha vinagoma, nami naviacha hadi kesho yake. Mwanao Masanja aliniambia nirekodi sauti kwenye simu tu, yaishe. Nimekataa. Ni ukaidi, na wewe unaujua ukaidi wangu kuliko mwanao anavyoujua.

Najua pia kwamba hukujaliwa kusoma. Karatasi za shule za binti yangu Limi ulikuwa unazishika, unazigeuza huku na huku, kisha unanipa: "Soma, na usiruke." Basi hii nitakusomea mwenyewe, kwa sauti, bila kuruka. Mwaka unakaribia kutimia tangu tukuzike, na kuna mambo ambayo hatukuwahi kuambiana, kwa sababu wakati wote tulikuwa na kazi ya kufanya.

Ulinipokea hapa kijijini Samuye nikiwa mtu usiyemjua. Ulichokijua ni kwamba mwanao alikwenda Geita kutafuta dhahabu, akaoa huko huko machimboni mwanamke asiyejulikana ukoo wake, muuza chakula. Hukukosea. Nilikuwa mama lishe. Nilikuwa na banda la maturubai karibu na maduara, yale mashimo wanayoshukia wachimbaji, na kila siku nilisonga ugali wa masufuria mawili makubwa kabla ya saa sita mchana. Wachimbaji walikuwa wanatoka chini weupe kwa vumbi la mawe, wanakula bila kuongea. Nilijivunia mikono yangu, mayu. Nilikuwa naipua sufuria ya ugali wa watu thelathini peke yangu, na Limi yuko mgongoni.

Kisha asubuhi moja mwiko ulinishinda. Niliushika ukaanguka, nikauokota ukaanguka tena. Nikafikiri nimelalia mkono. Baada ya wiki chache vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, kulia na kushoto, kisha viwiko, kisha magoti. Nilikuwa naamka nimekakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa juani, na mpaka saa nne ndipo mwili unaanza kulegea. Machimboni kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ni moshi wa kuni. Mwingine alisema mwenzangu wa banda la pili ananionea wivu wa wateja, akatuelekeza kwa mganga. Tulikwenda, sikufichi. Tulikwenda na hospitali kadhaa, mpaka daktari mmoja mwanamke kule Mwanza alipovishika vidole vyangu kimoja kimoja, akapima damu, akaniita siku nyingine akanieleza taratibu. Ni baridi yabisi, alisema, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe. "Hautaisha, lakini tunaweza kuutuliza. Utaishi nao." Nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Banda nikalifunga. Masanja hakuweza kushuka duarani huku akinitunza mimi na mtoto wa miaka mitatu. Ndipo akatuleta kwako, akakaa siku mbili, akarudi Geita.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa ngumu, na leo naweza kuzisema bila uchungu kwa sababu hata wewe ulikuja kuzicheka. Masanja alikuambia naumwa mikono, na wewe ukasikia mikono tu. Nani asiyeumwa mikono huku kwetu msimu wa kuchuma pamba? Ulikuwa unaamka alfajiri, unafagia uwanja, unakamua ng'ombe, unarudi, na mlango wangu bado umefungwa. Nilikusikia ukimwambia jirani yetu Mama Nkwimba kwa Kisukuma, ukidhani sielewi, kwamba mwanamke wa machimbo amezoea kulala mpaka jua limfuate kitandani. Nilielewa. Miaka sita na wachimbaji wa Kisukuma ilinifundisha angalau kujua ninaposemwa. Sikutoka kujitetea kwa sababu wakati huo huo nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nafunga vifungo vya gauni. Vilikuwa sita, na nilikuwa nimefika cha pili.

Siku uliyonituma maji ndiyo uliyokasirika kweli. Pampu niliisukuma kwa viwiko, wanawake wakawa wananitazama. Ndoo ilipojaa nikaiinua, ikafika magotini, vidole vikaachia. Maji yote yakaenda kwa bata. Nikarudi na ndoo tupu, nawe ulikuwa unapepeta mchele mlangoni.

"Na maji?" uliuliza.

"Yamemwagika, mayu."

"Yote?"

Hukungoja jibu. Ulichukua ndoo, ukaenda mwenyewe, na umri wako ule, ukarudi nayo kichwani bila kushika hata kwa mkono mmoja. Ukaitua mbele yangu bila neno. Afadhali ungenitukana.

Kesho yake ulifungua mlango wangu bila kubisha. Nadhani ulikuja kuniambia nifunge mizigo. Ulinikuta nimekaa na gauni wazi, Limi amesimama mbele yangu anajaribu kunifunga vifungo kwa vidole vyake vidogo, mimi nalia, yeye ananiambia "Tulia, mama."  Kisha ukaketi kitandani, ukachukua mkono wangu, na nikaona uso wako ukibadilika.

"Mbona unachoma?" ulisema. "Mkono unachoma kama jiwe la mafiga."

"Ndivyo ulivyo, mayu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Unaamka hivi kila siku?"

"Kila siku."

 Ukavifunga vifungo vyangu vyote sita, kimoja baada ya kingine, kuanzia chini. Ukatoka. Niliposikia unachochea moto nikadhani umeanza kupika uji. Uliporudi ulikuwa na karai la maji ya moto kiasi, umetia chumvi ndani, ukaliweka mapajani mwangu na kuizamisha mikono yangu kama mtu anayeloweka nguo. Hukuniuliza kama yanasaidia. Ulitazama tu vidole mpaka vikaanza kujikunjua. Ndipo ukasema, kwa sauti ya chini, "Ungeniambia." Nami nikasema, "Ungeniamini?" Ukafikiria. "Hapana," ukasema, na tukacheka wote wawili, mara ya kwanza tukiwa pamoja.

Kuanzia siku hiyo ulinipashia maji kila alfajiri kwa miaka saba. Hata ulipokuwa na malaria. Hata siku ya harusi ya binti wa Mama Nkwimba, uliporudi kutoka kwenye ngoma umechoka, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Hata baada ya dawa kuanza kunikubali na kukakamaa kwa asubuhi kukawa kunaisha saa moja badala ya saa nne, uliendelea. Nilikuambia sasa si lazima. Ukanijibu kwamba ng'ombe pia anaweza kulala bila kufungiwa, lakini mtu humfungia.

Watu wanaona kuugua kwa muda mrefu ni kama kulala kitandani. Wewe uliona jinsi kulivyo hasa, kwamba ni mambo madogo madogo kutwa nzima. Kifuniko cha chupa ya mafuta. Kufuli. Kumenya kiazi. Kukaa chini kwenye mkeka na kushindwa kuinuka mbele ya wageni. Kumshika mtoto mkono barabarani na kusikia maumivu akikubana kwa upendo. Na lile la kuchosha kuliko yote, kwamba huwezi kujua kesho utaamka na mwili gani, kwa hiyo huwezi kumuahidi mtu kitu. Ulinisaidia hata kwa hilo. Badala ya kuniuliza "Umeamkaje?", swali ambalo lazima mtu adanganye, ulianza kuniuliza, "Leo ni siku ya nini?" Nami nilikuwa nakujibu: siku ya ndoo, nikiwa na nguvu. Siku ya kikombe, kama naweza vitu vyepesi. Siku ya kijiko, kama kula tu ni kazi. Hatukuhitaji maelezo zaidi. Siku ya kijiko ulinipa Limi nimsomeshe na mchele wa kuchagua, ukachukua mengine. Siku ya ndoo ulinituma kama unavyomtuma mtu yeyote, na hukunihurumia hata kidogo. Hilo nalo nakushukuru. Sijui kama uliwahi kufahamu jinsi lilivyonipa heshima, kutumwa.

Nyumba nzima uliibadilisha bila kutangaza. Mpini wa mwiko uliuviringishia kitambaa mpaka ukanenepa kama muhogo, nikaweza kuushika. Mafiga ya chini uliyaacha, ukamwita fundi akajenga jiko la udongo linalofika kiunoni ili nisichuchumae, na wanawake wa jirani walipokuja kulishangaa uliwaambia ni kwa ajili ya mgongo wako wewe. Magauni yangu uliyapeleka kwa fundi cherehani, yakang'olewa vifungo na kuwekwa lastiki. Na kiangazi, viazi vilipotoka, ulinipa kazi ambayo vidole vyangu viliiweza: wewe unamenya na kukata, mimi natandaza vipande juu ya jiwe, navigeuza jua linapovikausha, mpaka michembe inajaa gunia. Mpaka leo nikinusa michembe inachemka na karanga nakusikia unaniambia nisiitandaze ikabanana.

Sasa nifike kwenye ile Jumapili, maana hatukuwahi kuizungumzia baadaye.

Limi alikuwa na miaka sita. Masanja alikuwa amerudi kutoka Geita kwa wiki moja. Baba Mdogo Luhende, mdogo wake baba mkwe marehemu, alikuja na wazee wengine wawili wa ukoo baada ya ibada. Niliwaletea chai, na kikombe cha tatu kikaniponyoka, kikamwagikia suruali ya Luhende. Hakukasirika. Alipangusa tu, akawatazama wenzake kama mtu anayesema mnaona sasa. Nikaenda jikoni, lakini ukuta wa jikoni kwetu ni ule unaoujua. Kila neno lilipita.

"Shemeji," alikuambia, "hatuna ugomvi na Mama Limi. Ni mtu mwenye adabu. Lakini nyumba ina mtoto mmoja, tena wa kike, na hospitali wamesema akiwa kwenye dawa hizo asibebe mimba. Masanja ni kijana bado. Aoe mke wa pili. Huyu atabaki, hakuna anayemfukuza. Ila nyumba inahitaji mikono, na inahitaji watoto."

Nilisubiri Masanja aseme kitu. Nilimsubiri, mayu, nimeegemea ukuta na birika mkononi. Hakusema. Kimya chake kiliniumiza kuliko maneno ya baba yake mdogo, na nadhani na wewe kilikuumiza, kwa sababu ulianza naye.

"Masanja. Mdomo umeusahau duarani?"

Nikasikia kiti chake kikilia tu.

"Basi nitasema mimi. Luhende, mikono unayoitafuta ni ya kunisaidia nani? Si mimi? Nimekuja kwako kulalamika? Chakula cha nyumba hii uliwahi kukikosa? Mimi mwenyewe nilitaka kumrudisha huyu kwao wiki ya tatu. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Sasa nimemjua, najua leo ataweza nini na kesho atashindwa nini. Huyo mwingine mnayemleta simjui."  Sauti yako ikashuka. "Na habari ya watoto. Nimezaa saba katika nyumba hii. Nimezika watano. Mlikuwepo wote mkichimba. Mtu asije kunihesabia watoto hapa."

 Ndipo nikasikia Masanja akikohoa, akisema, "Baba mdogo, sitaoa." Maneno matatu tu baada ya yote yale, lakini aliyasema, na hajawahi kuyarudisha. Baadaye aliniomba radhi. Alisema aliona aibu kunitetea mbele ya wazee kwa sababu na yeye moyoni alikuwa anaogopa. Nilimsamehe polepole. Wewe ulimsamehe siku hiyo hiyo, ukampa nyama kubwa.

Ungefikiri baada ya siku ile ningetulia. Badala yake nilifanya jambo la kijinga kuliko yote maishani mwangu. Nilitaka kukulipa. Niliona umenipigania mbele ya ukoo, nami nina deni la mtoto wa kiume. Daktari wa Mwanza aliniambia kabisa kwamba nikitaka mtoto niende kwanza tukazungumze, dawa zibadilishwe kwa mpango. Sikwenda. Vile vidonge vya mara moja kwa wiki, ambavyo wewe ulikuwa unanikumbusha kila siku ya mnada, soko letu la kila wiki, kwa sababu ndiyo siku uliyoiweka kichwani, niliacha kuvimeza. Nilikuwa navipokea mbele yako, nakunywa maji, navitema, navificha kwenye gunia la pumba.

Miezi miwili baadaye ugonjwa ulirudi kama haujawahi kutulizwa. Magoti yalivimba nikashindwa kusimama. Shingo haikugeuka. Mimba haikuwepo. Ulininawisha, ulinilisha, ulinigeuza, na hukuelewa kwa nini dawa zimeacha kufanya kazi, mpaka siku uliyokwenda kuchota pumba za kuku. Ulirudi na vidonge kwenye kiganja, vimeshikana na vumbi. Ukaketi.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mayu."

"Nilisimama mbele ya Luhende kwa ajili yako," ulisema. "Sikusimama kwa ajili ya mtoto ambaye hajazaliwa."

Hukupaza sauti. Ulitoka nje, na kupitia dirishani nikakuona umesimama katikati ya kuku umewasahau, wanakudonoa miguu. Wiki hiyo hiyo tulikwenda Mwanza, wewe na mimi, na ulimwambia daktari kila kitu huku mimi nimeinamisha kichwa, na tangu hapo siku ya mnada ulikuwa unanitazama mpaka koo limeze. Sijawahi kukosa tena. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilipinda wakati ule na havijanyooka. Nikivitazama nakumbuka kwamba kuna mtu alinitaka mimi, hivi nilivyo, bila nyongeza.

Halafu ikaja zamu yako. Ulianguka kwenye majaruba ya mpunga, nusu ya mwili ikawa imekufa ganzi. Kiharusi, walisema. Ukarudishwa nyumbani, ukalala kwenye kitanda kile kile ulichonikuta nimekikalia nikilia.

Hapa ndipo nilipouchukia ugonjwa wangu kuliko wakati wowote. Nilikuwa tayari kukufanyia yote uliyonifanyia, na mikono ilikataa. Sikuweza kukugeuza. Sikuweza kukunyanyua ukanywa uji. Siku moja nilijaribu, ukateleza nusu ukaangukia kifuani kwangu, na tukabaki hivyo, mimi siwezi kukurudisha na wewe huwezi kujisogeza, mpaka Mama Nkwimba alipoingia. Nililia kwa hasira. Wewe ulisema kwa mdomo ule uliokuwa umepinda upande, taratibu, neno kwa neno:

"Wa kunibeba wapo. Wewe niongeleshe."

Basi Mama Nkwimba na mabinti zake wakawa wanakubeba, mimi nikawa nakuongelesha. Nilikuongelesha miezi mitatu. Nilikuhadithia machimbo yote: mchimbaji aliyeoga kwa soda siku alipopata dhahabu, yule aliyenunulia banda zima nyama ya mbuzi kwa ajili ya jiwe linalong'aa, kumbe si dhahabu, na jinsi alivyokaa siku nzima akiitazama ile mifupa. Hiyo uliipenda, ukataka niirudie. Nilikuwa ninairudia mchana ule ulioondoka. Nilifika kwenye mifupa, nikasubiri ucheke upande wako mmoja, na sikusikia.

Kwenye msiba sikupika. Niliogopa wanawake watanisema, lakini hakuna aliyeniletea hata kisu. Nilikaa chini kwenye mkeka karibu na mwili wako kama wafiwa wengine, na nilijua kabisa kwamba wakati wa kuinuka nitaaibika mbele ya watu wote. Ndipo Luhende akaja. Yule yule Luhende. Alikuwa ameshika kiti, kile chenye mgongo, cha sebuleni kwako. Akakiweka kando yangu, akanishika chini ya kwapa kwa mikono miwili bila kuvuta vidole, akaninyanyua akanikalisha. "Mkeka utakusumbua, Mama Limi," alisema, akaenda zake. Nilijiuliza nani alimwambia nisivutwe vidole. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ametazama, miaka yote ile, jinsi wewe unavyoninyanyua.

Hata hivyo baada ya matanga niliogopa. Nilijua aliyesimama kwa ajili yangu amelala chini, na nikawa nasubiri wazee warudi na maneno yao. Wiki zikapita. Aliyekuja ni Masanja. Alirudi na godoro lake, sururu yake na taa yake ya kichwani, akasema duara amewaachia wenzake, atalima mpunga wako na kufuga. Nilimuuliza kama ana uhakika. Alisema huko chini alikuwa anafikiria nani ananifungulia kufuli.

Anajifunza, mayu. Si haraka. Maji ya asubuhi anayapasha mno, nusura aniunguze. Kwenye dawa ni mkali kukuzidi. Na Limi sasa amenifikia begani, anataka kuwa nesi, juzi alitaka kuwa mwanajeshi, tusubiri.

Nikuambie la Jumapili iliyopita, kisha nipumzishe mkono. Niliamka na siku ya kijiko. Limi alikuwa kanisani kwenye kwaya. Masanja akaniambia nikae, akafunga kanga yako kiunoni asijichafue, akaenda kwenye jiko lile refu kusonga ugali mwenyewe. Katikati ya kusonga, Luhende akaingia uwanjani. Hakupiga hodi, unamjua. Akamkuta mtoto wa kaka yake, mwanaume mzima wa Kisukuma, na kanga, jasho linamtiririka, ameukumbatia mwiko. Masanja aliganda. Mimi niliganda kwenye kiti changu. Sufuria tu ndiyo iliyoendelea kutokota.

Luhende alimtazama kuanzia kanga mpaka mwiko. Akavuta kigoda, akaketi, akasema, "Nileteeni maji ya kunawa." Tukala wote watatu. Alikata tonge, akaliviringisha, akalitafuna polepole kama mtu anayesikiliza.

"Una mabonge," alisema.

"Ndiyo, baba mdogo," Masanja alijibu.

"Unaweka unga mwingi mara moja. Weka kidogo, songa, ongeza. Mimi, marehemu mama yako mdogo alipokuwa anaumwa, nilisonga mwaka mzima. Sikumwambia mtu." Akachukua tonge jingine. "Jumapili ijayo nitakuja tena nione."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma juu ya maumivu mengine yote, na Masanja akacheka, na mzee mwenyewe akawa anatutazama kwa mshangao huku mabega yake yakitikisika. Nilitamani ungekuwepo. Tulikula ugali wote, mayu, na mabonge yake, hatukubakiza.

Wabeja, mayu. Asante kwa kila kitu. Lala salama.

Mkweo uliyemfanya mwana,
Mama Limi